Historia ya Milcah Wamuyu, Mwenye Shamba la Maji

Mchungaji wetu, wazee wa kijiji hiki cha Tumaini, wageni mliotoka Dundori, Naivasha na Nakuru mjini, kina mama mlioanza kupika kabla jua halijachomoza, na nyinyi mlioketi kule juu ya tuta kwa sababu viti havikutosha, familia inawasalimu na kuwashukuru kwa kufika. Karatasi mliyo nayo mkononi, ile yenye picha ya marehemu akiwa na kofia ya kanisa ambayo hakuipenda, imeandikwa na kamati ya mazishi, nayo ni fupi na ina adabu zake, lakini si hiyo itakayosomwa. Marehemu alitamka historia yake mwenyewe akiwa kitandani, binti yake Becky akaiandika, familia ikaongeza yale ambayo hakuyasema, na marehemu akaacha maagizo mawili, kwamba mtu yeyote asithubutu kumwita "mtu wa watu" maana hakuwahi kuwa, na kwamba msomaji awe ndugu yake mdogo, Jamleck Kiarie, ambaye ndiye aliyesimama mbele yenu, na asiruke mahali pale mnapopajua nyote. Kwa hiyo hataruka.

Familia inajua pia swali mlilokuja nalo, kwa sababu limekuwa likiulizwa jikoni, kwenye foleni ya chai na hata wakati wa maombi, kwamba kwa vile Milcah sasa hayupo, je, lango la maji litafunguliwa lini, na hili shamba litauzwa kwa nani. Mtajibiwa. Lakini mambo huenda kwa utaratibu, kwanza azaliwe.

Milcah Wamuyu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, hapa hapa Subukia, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa la mzungu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Ephantus Kiarie na marehemu Tabitha Gathoni, akafuatwa na Jamleck miaka minne baadaye, na hao wawili ndio waliopona kati ya watoto watano. Alibatizwa mwaka wa 1963, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alipomwagiwa maji kichwani hakulia kama watoto wengine, alimkazia mchungaji macho tu mpaka mchungaji akaangalia pembeni.

Alianza darasa la kwanza Januari 1970, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1976 na kupita vizuri, akaingia kidato cha kwanza mwaka uliofuata, na akaacha shule mwishoni mwa kidato cha pili, Novemba 1978, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na mikono ya kuchuma kahawa ilikuwa imepungua nyumbani. Jamleck alisoma mpaka kidato cha nne kwa kahawa iliyochumwa na Milcah, jambo ambalo Milcah hakulitaja hata siku moja, na ndiyo maana linatajwa leo.

Ili mwelewe yanayofuata, hasa nyinyi wageni, ni lazima isemwe jinsi familia hii ilivyopata ardhi. Mwaka wa 1976 wafanyakazi waliokuwa wamenunua shamba la mzungu kwa pamoja waligawana kwa kura, kila mwanachama akatia mkono ndani ya debe na kutoa karatasi yenye nambari, na baba yetu akatoa nambari thelathini na nane. Sehemu ya juu ya kipande hicho ilikuwa ardhi nyekundu nzuri, ile ambayo hata ukidondosha kijiti kinaota, lakini ekari nne za chini, hizi mnazoziona mbele yenu zimejaa maji, mzungu hakuwahi kuzilima, alikuwa akizijia Jumapili na bunduki kupiga bata wa mwituni. Watu walicheka siku ile mpaka wengine wakakaa chini. Baba hakucheka, alichimba mfereji kwa jembe na sururu, akaweka lango la mbao mdomoni mwake ili aweze kufunga na kufungua maji apendavyo, na kila mwaka alifungua akakausha akapanda, na kila mwaka mvua ndefu ikamrudishia maji yake.

Tarehe 11 Desemba 1982, Milcah alifunga ndoa ya kanisa na Bwana Wachege wa Dundori, mkulima wa viazi, na tarehe 3 Februari 1984 wakajaliwa binti, Becky, ambaye mnamwona hapo mbele akiwa na watoto wake wawili. Mwaka wa 1986 walipata mtoto wa kiume aliyeishi siku nne, akazikwa Dundori, na jina lake lilikuwa Samson, na marehemu alitaka litajwe kwa sababu, alisema, mtu akiishi siku nne bado ni mtu. Kamati iliandika kwamba ndoa hiyo "ilibarikiwa kwa upendo." Ndoa hiyo iliisha Oktoba 1988, Milcah akashuka kutoka Dundori na mtoto mgongoni na sufuria mbili, na sababu anazijua yeye na Bwana Wachege, ambaye familia inamshukuru kwa kuja leo na kukaa nyuma bila makuu.

Januari 1990 alipata kazi katika shamba la maua kule Naivasha, akafanya miaka kumi na minne katika chumba cha kupanga waridi, ambako kazi yake ilikuwa kutenganisha maua kwa urefu wa kikonyo na kuyafunga kumikumi, kumikumi, kumikumi, kutoka asubuhi hadi jioni, mpaka macho yake yakawa yanaona kumi mara moja bila kuhesabu moja, mbili, tatu. Wenzake wa wakati huo wako hapa, wanajua anayezungumziwa. Saa ya chakula wengine walipokuwa wakilala kwenye nyasi, yeye alishuka ukingoni mwa ziwa, na huko ndiko alikowaona kwa mara ya kwanza kwa utulivu wale bata ambao nyumbani aliwajua kama wezi tu wa mbegu. Alimuuliza askari wa getini wanatoka wapi, askari akamwambia, "Hao ni wageni, mathe, wanatoka Urusi huko kwa baridi, wanakaa hapa miezi tano, mvua ikianza wanarudi kwao." Milcah hakuamini, akamwambia askari aache kumchezea. Lakini mwezi wa nne ulipofika bata wakaondoka kweli, na mwezi wa kumi wakarudi, na kuanzia hapo akanaswa nao.

Mwaka wa 1993 alinunua darubini kwenye mitumba ya Nakuru, iliyokuwa inaona kwa jicho moja tu, na hiyo ndiyo aliyoitumia mpaka mwisho, akifumba jicho la kushoto kama mtu anayelenga shabaha. Majina ya vitabuni hakuyajua wakati huo, kwa hiyo aliwapa yake, bata nyusi yule mwenye mstari mweupe juu ya jicho, bata mwiko yule mwenye mdomo mpana wa kusongea ugali, na bata mkia, ambaye mkia wake ni mrefu na mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Baadaye alifundishwa majina ya kitaalamu na wanafunzi wa chuo waliokuja kumtembelea, akayasikiliza kwa heshima, akaendelea na yake.

Januari 1996, baba akiwa tayari dhaifu, aliwaita wazee tisa, akagawa ardhi. Jamleck alipewa juu, kwenye udongo mwekundu, na Milcah, kwa vile alikuwa binti aliyerudi nyumbani na mila haikujua la kumfanyia, akapewa huku chini kwenye maji, akaandikiwa hati kwa jina lake mwenyewe. Wazee walicheka, kisha wakamhurumia, na Jamleck, ni vizuri mjue, hakumhurumia, alifurahi kimoyomoyo kwamba kipande kibaya kimepata mwenyewe. Baba alifariki mwaka uliofuata. Mwaka wa 2004 Milcah aliacha kazi Naivasha, akaja kujenga ile nyumba ya mabati mnayoiona, na Novemba ya mwaka huo mvua fupi zilipoanza, badala ya kufungua lango la maji kama baba alivyokuwa akifanya, alilifunga, akalitia kufuli.

Hapo ndipo Tumaini ilipoanza kusema. Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili, wakati watu wote wanatifua na kupanda mahindi, shamba la Milcah lilikuwa limelala chini ya maji, na yeye amesimama kwenye tuta na darubini yake na daftari, akihesabu bata kumikumi kama waridi. Ikifika Mei mosi, bata wakiwa wameshakwenda zao, alifungua lango, maji yakatoka kwa siku sita au saba, akapanda maharagwe, kabichi na managu kwenye tope lililonona, akavuna wakati wengine wameshamaliza kuuza na bei imepanda. Hakufa njaa, na hakuomba mtu unga. Lakini watu hawakusamehe. Walisema ni mvivu, wakasema amerukwa na akili tangu Dundori, wengine wakasema anaongea na ndege na ndege wanamjibu, na Jamleck alikuwa akirudi kutoka sokoni akiwa amejaa aibu, anamwambia mkewe, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Sasa tumefika mahali pale.

Mwaka wa 2016 barabara ya lami ilipoanza kusogea upande huu, ekari nne zilizokuwa kichekesho ziligeuka kuwa lulu, na dalali mmoja kutoka Nakuru akamwendea Jamleck, si Milcah, akamwambia ana mnunuzi wa kujenga nyumba za kupangisha, lakini mnunuzi hawezi kununua bwawa, anataka kuona udongo. Jamleck alijiambia kwamba dada akiona shamba limekauka na limelimwa vizuri atabadili nia, na akikataa, basi wazee watamlazimisha, maana binti aliyerudi nyumbani, alijiambia, anamiliki kwa huruma ya kaka. Jumanne tarehe 22 Machi 2016, Milcah akiwa Nakuru kwa Becky ambaye alikuwa amejifungua, Jamleck Kiarie alikata kufuli kwa msumeno saa kumi na mbili asubuhi, akafungua lango. Maji yalitoka siku ile na usiku wake na siku iliyofuata. Alhamisi asubuhi, kabla tope halijashika, alileta trekta ya kukodi iliyoendeshwa na Bwana Kibii, yule pale mwenye koti la kijani, na Kibii akashuka akapima udongo kwa kisigino, akasema, "Boss, hii udongo nyeusi itatumeza." Jamleck akamwambia yeye amezaliwa kwenye udongo huo. Ilipofika saa nne, trekta ilikuwa imezama mpaka tumboni, na ilikaa humo siku tisa.

Mnunuzi alikuja Jumamosi ya Pasaka, amevaa viatu vyeupe. Alisimama kwenye tuta kwa muda wa kuhesabu kumi, akaitazama trekta, akamtazama dalali, akageuza gari. Hajaonekana tena.

Milcah alirudi siku hiyo hiyo jioni. Wote waliokuwepo walijua kutakuwa na vita, wengine walibaki barabarani makusudi ili wasipitwe, na Jamleck alikuwa ametayarisha maneno mengi ya sheria na mila. Milcah hakupiga kelele. Aliweka mkoba wake chini, akafunga lango kwa waya, akaenda jikoni, akamletea Kibii chai na githeri kwa sababu Kibii alikuwa analinda trekta na hakuwa amekula, kisha akamgeukia ndugu yake, akasema, "Jamleck, Jumatatu bata walikuwa mia tatu na kumi na mbili. Leo ni watano. Hao wengine utawaita wewe?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na bata walikuwa wamekwenda kabla ya wakati wao, kabla hawajanenepa kwa safari, na Milcah hakumwambia ndugu yake neno lingine mpaka Novemba, bata walipokuja tena, siku aliyopanda kwa Jamleck kule juu, akagonga mlango, akasema tu, "Wamerudi," akateremka. Jamleck ameyabeba hayo kwa miaka tisa, na leo ameyasoma mbele yenu kwa sauti yake mwenyewe kama alivyoagizwa, na anasema wazi kwamba aliomba msamaha akapewa, na kwamba kupewa kulimuuma kuliko kunyimwa.

Msidhani yaliishia hapo. Alhamisi tarehe 6 Aprili 2017 Milcah aliitwa kwenye baraza la chifu, akashtakiwa kwamba maji yake yanazalisha mbu, kwamba vyura wake wanazuia watoto kusoma, na kwamba bata wake wamemaliza ngano ya Mzee Kemboi, jirani yetu wa upande wa magharibi. Milcah alisimama na daftari. Kuhusu ngano, alisema kwamba alikwenda akakaa kando ya shamba la Mzee Kemboi kwa siku tatu mfululizo, na aliyoyaona aliyaandika, akasoma, bata wa mwituni hakuna, kondoo wa Mzee Kemboi kumi na wanne. Mzee Kemboi alicheka kabla ya watu wengine kucheka, na ndiye aliyetoa ng'ombe tuliyemla leo. Kuhusu shamba, alisema maneno ambayo familia inayarudia jinsi alivyoyasema, "Chifu, wakati baba alinipa hii shamba hawa wazee wote walikuwa hapo, na walicheka. Sasa mbona hawacheki? Mlinipa maji, mimi nikachukua maji. Kama kuna mtu anataka kunipa kavu, alete title yake hapa tubadilishane saa hii." Chifu akauliza mara mbili kama kuna mtu ameleta hati. Baraza likafungwa.

Aprili 2020, katika mvua ile ambayo maziwa yote ya bonde yalipanda na watu wakahama, maji yaliyoshuka kutoka mlimani yaliingia katika hizi ekari nne na yakashikwa na tuta, na nyumba saba zilizo chini yetu hazikuguswa. Wenye nyumba hizo walikuja na kuku wawili na kilo kumi za sukari kumshukuru. Familia ingependa kusema hapa kwamba marehemu aliokoa majirani zake, ingekuwa historia nzuri, lakini yeye aliwarudishia kuku na kuwaambia, "Msinishukuru kwa kazi sikufanya. Nilifunga kwa sababu ya bata." Sukari aliichukua, kwa sababu ilikuwa imeisha.

Agosti 2023 alianza kushindwa kumeza, kwanza ugali, kisha wali, kisha hata uji, na vipimo vilivyofanywa Nakuru vikaonyesha saratani ya umio. Alitibiwa kwa miezi kumi na tisa, alipungua kilo nyingi, hakupungua ukaidi. Machi 2024 alikosa kliniki mara mbili kwa sababu zilikuwa wiki ambazo bata huanza kujikusanya kabla ya kuondoka, daktari akakasirika, Becky akalia, Jamleck akamfokea, na yeye akajibu kwamba dawa itakuwepo wiki ijayo, bata hawatakuwepo. Familia haisemi alifanya vizuri. Familia inasema alifanya hivyo, na ukweli ni kwamba alipofika kliniki wiki ya tatu alikuwa amechangamka kuliko wakati wowote mwaka ule.

Jumamosi tarehe 8 Machi mwaka huu, akiwa hawezi tena kutembea, aliomba apelekwe kwenye tuta, na Jamleck na Kibii wakambeba juu ya kiti cha plastiki, mmoja huku, mmoja huku, wakamweka karibu na lango. Madume ya bata nyusi yalikuwa yameshavaa rangi zao za kurudi nyumbani. Alihesabu mpaka mia mbili na sitini, mkono ukachoka kushika darubini, akampa Jamleck, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuitia jichoni. Jamleck akaanza moja, mbili, tatu. Milcah akamwambia, "Si hivyo. Kumi. Ona kumi, halafu sogea." Jamleck alijaribu mara nne, mara ya nne akaona kumi, akasogea, na akashindwa kuendelea kwa sababu ile darubini ya jicho moja ilikuwa imejaa machozi. Kisha Milcah akaweka kisigino chake ardhini, pale pale, hatua mbili kutoka kwenye lango, akasema, "Mtanizika hapa, na wewe ndiye utachimba."

Alilazwa tarehe 14 Machi, na akafariki Jumatano tarehe 19 Machi 2025, saa tisa alasiri, Becky akiwa amemshika mkono wa kulia, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, ndugu mmoja, na madaftari ishirini na moja, moja kwa kila msimu, ambayo yatakaa na Becky na hayataazimwa kwa mtu asiyenawa mikono.

Sasa jibu la swali lenu. Tangu Jumatano iliyopita wamekuja watu watatu, wawili tunawajua na mmoja alikuja na gari la Nairobi, wakasema pole, wakakaa kidogo, kisha wakauliza kama familia imekaa kuzungumza juu ya shamba. Familia imekaa. Hati ni ya Becky, aliandikiwa na mamake mbele ya wakili mwaka jana. Ufunguo wa kufuli anao Becky. Wazee wa ukoo walileta hoja kwamba binti aliyeolewa hazikwi kwenye ardhi ya babake, kwamba itakuwa nuksi, na kwamba kuna nafasi kwenye makaburi ya mjini, na walisikilizwa mpaka wakamaliza. Kisha Jamleck, ambaye kwa mila hiyo hiyo ndiye angefaidika, aliinuka akachukua jembe. Amechimba siku tatu na Kibii, akalijengea kaburi kuta za mawe kuzuia maji, na kaburi liko pale, hatua mbili kutoka kwenye lango, mahali ambapo hakuna tingatinga, hakuna trekta, na hakuna dalali anayeweza kulifikia lango bila kumkanyaga Milcah Wamuyu kwanza. Mnajua wenyewe jinsi wanunuzi wa siku hizi wanavyoliogopa kaburi. Hati ya shamba inaweza kughushiwa, mahakama inaweza kucheleweshwa, lakini bado hatujamwona mtu wa Subukia anayehamisha kaburi ili ajenge nyumba ya kupangisha. Alilijua hilo vizuri kabisa alipoweka kisigino chini. Na atakayeweza kumpita yeye, atamkuta Jamleck.

Lango litafunguliwa Mei mosi, si siku moja kabla, na litafunguliwa na Becky, na yatapandwa maharagwe. Mpaka siku hiyo maji yanabaki. Bata mnaowasikia wakati huu hawana habari kwamba kuna msiba, na hawatafukuzwa ili hema likae vizuri, wala vipaza sauti havitaongezwa, kwa hiyo kwaya itusamehe. Asubuhi ya leo Jamleck aliwahesabu akapata mia mbili thelathini, Becky akarudia akapata mia mbili thelathini na nane, na iliyoandikwa kwenye daftari ni ya Becky.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru waliomvumilia mgonjwa asiyevumilika, Bwana Kibii ambaye alikuja kwa siku moja ya kulima akabaki kuwa mtu wa nyumbani, wenzake wa waridi wa Naivasha waliokodi gari zima, Mzee Kemboi kwa ng'ombe na kwa kucheka wakati ule, wanafunzi wa chuo waliotuma barua, chifu aliyeuliza mara mbili, majirani wote wa Tumaini, mliompenda na mliomsema, maana mmekuja wote na mmekula wote. Wale wanane watakaobeba jeneza wavue viatu, tuta lina utelezi.

Lala kwa amani uliyoipigania, Wamuyu. Lango limefungwa.